DAWA YA MAJI: SWALI LA POMBE, NA LILE SWALI TUNALOLISAHAU



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu msomaji, dada yangu msomaji. Katika maswali yanayoletwa kwa mashekhe wa mitaa yetu, kuanzia Mbagala, Buza na Tandika hadi Manzese, Tandale na Kigogo, lipo moja lisilokauka. Mzazi amenunua dawa ya kikohozi ya mtoto, amegeuza chupa, ameona imeandikwa kuwa ndani mna alkoholi. Anauliza: je, nimpe au nimwage?

Ni swali jema. Mzazi anayelisoma karatasi la chupa kabla hajamimina ni mzazi mwenye hofu ya Allah na mwenye huruma kwa mwanawe. Jibu lake lipo, na nitalitoa huko chini. Lakini leo naomba nikupitishe kwanza kwenye historia, maana swali hilo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili hatuiulizi, na hiyo ndiyo iliyojaza makaburi ya watoto katika nchi nyingi, na mwaka 2024 ilipiga hodi hapa hapa kwetu Tanzania.

Kaa vizuri, soma mpaka mwisho, kisha mpe na mwenzako.

*1. SHARUBATI NA IKSIR: MANENO YETU HAYA*

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Dawa ya maji si jambo la jana. Katika karne za mwanzo za ustaarabu wa Kiislamu, kule Baghdad na miji mingine, kazi ya kuchanganya dawa ilitengana na kazi ya kutibu. Likawapo duka la mfamasia, na vikawapo vitabu vya kanuni za kuchanganya, vilivyoitwa aqrabadhin. Sabur ibn Sahl, aliyefariki mwaka 869, aliandika kimoja cha mwanzo kabisa. Huyu alikuwa Mkristo, na hospitali za Waislamu zilitumia kitabu chake bila kuona haya, maana elimu ya kuokoa uhai haiulizwi kabila. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037, kitabu cha tano cha al-Qanun chake alikiweka kwa ajili ya dawa za kuchanganya.

Waliona tatizo ambalo mama yeyote wa Temeke analijua: dawa ni chungu, mgonjwa anatema, na dawa ya mimea inaoza upesi. Wakatumia sukari na asali. Kinywaji hicho cha dawa wakakiita sharab. Kutokana na neno hilo Wazungu wakapata neno lao la dawa tamu ya maji. Na sisi kwenye mzizi huo huo tuna sharubati, ile tunayofuturia Ramadhani.

Neno jingine ni al-iksir. Asili yake ni kwa wanakemia, ile dawa waliyoitafuta ya kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Likaenda Ulaya likawa elixir. Baada ya muda, kwa wafamasia wa Ulaya na Marekani, elixir ikawa na maana maalumu: dawa ya maji yenye utamu na yenye alkoholi ndani yake. Lishike neno hili vizuri. Tutalikuta tena mahakamani.

*2. KWA NINI CHUPA MOJA INA VITU VINGI HIVYO?*

Ukisoma chupa ya dawa ya homa ya mtoto utaona dawa yenyewe ni moja, labda parasetamoli. Halafu kuna orodha ya vitu vingine: sukari au sobitoli, gliserini, propilini glaikoli, benzoeti, rangi, ladha ya chungwa. Mtu anasema, "Wameweka makemikali." Hapana, ngoja kwanza. Kila kimoja kina kazi yake. Hivi huitwa viambato visivyotibu, yaani haviponyi ugonjwa, ila bila hivyo dawa haifiki kwa mgonjwa.

Tupige hesabu ndogo. Dawa nyingi za parasetamoli za watoto zina miligramu 120 katika mililita 5. Lakini maji matupu, katika joto la kawaida la chumba, huyeyusha takriban miligramu 14 tu za parasetamoli kwa kila mililita. Zidisha mara 5, unapata miligramu 70. Miligramu 50 zilizobaki ziende wapi? Zitazama chini ya chupa kama mchanga. Mtoto wa kwanza atakunywa maji, wa mwisho atakunywa sumu.

Mtengenezaji ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiacha dawa ielee kama uji mwepesi, akaweka kitu cha kuupa uzito ili isizame haraka. Ndiyo maana chupa nyingine zimeandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Usidharau maneno hayo. Njia ya pili ni kuyasaidia maji kwa kiyeyushi kingine. Zamani kiyeyushi kilichotumika sana kilikuwa alkoholi. Leo, hasa kwa watoto, hutumika zaidi gliserini na propilini glaikoli, ambazo zikiwa safi, kwa kipimo sahihi, mwili unazimudu.

Sukari nayo si ya utamu tu. Sharubati ya kitabibu ya asili, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Utamu mkali kiasi hicho huwanyima vijidudu maji ya kuishi, kama vile asali isivyooza kabatini. Lakini ukiichuja kwa maji, ulinzi unaondoka na inaanza kuchacha. Kwa hiyo anayeongeza maji kwenye chupa ili dawa "ifike mpaka Ijumaa" amepunguza nguvu ya dawa na amewafungulia vijidudu mlango. Pale ambapo sukari ni kidogo, huwekwa vihifadhi kama parabeni au benzoeti, na benzoeti yenyewe hufanya kazi kwenye dawa yenye uchachu tu. Kila kitu kinategemea kingine.

Zipo na dawa zisizovumilia maji kwa muda mrefu. Amoksisilini ni mfano. Ndiyo maana unauziwa unga ndani ya chupa, unaongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka kwenye alama, unatikisa, na unapewa siku chache za kuitumia, kwa kawaida 7 hadi 14 kulingana na maelezo ya chupa na mahali unapoihifadhi. Chupa hiyo haiwekwi akiba kwa mtoto wa jirani mwezi ujao.

Umeona? Kuchagua kiambato kisichotibu ni kazi ya elimu. Na sasa tuone nini hutokea anayechagua akikosa elimu, au akikosa dhamiri.

*3. MAREKANI, MWAKA 1937*

Miaka ya 1930 ilitoka dawa mpya iitwayo salfanilamaidi. Ilitibu maambukizi ya koo na magonjwa mengine yaliyokuwa yakiua watu ovyo. Ilikuwa ya vidonge na unga. Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill, ya Bristol katika jimbo la Tennessee, iliambiwa na muuzaji wake kuwa wateja wanataka ya maji. Tatizo likawa lile lile tulilolisema: dawa haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mkemia mkuu wa kampuni, Harold Watkins, akatafuta kiyeyushi. Akakipata kinachoitwa daiethilini glaikoli. Dawa ikayeyuka vizuri kabisa. Akatia rangi na ladha ya tunda la rasiberi.

Kampuni ikaipima dawa hiyo: ladha, sura na harufu. Sumu haikuipima. Na sheria ya Marekani ya wakati huo haikumlazimisha mtu kuipima.

Daiethilini glaikoli ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo, kitamu ulimini. Kazi yake ni ya viwandani. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoua figo. Mgonjwa huanza kwa kutapika na maumivu ya tumbo, kisha mkojo hupungua, kisha hukatika kabisa, fahamu hupotea, na siku chache baadaye huaga dunia. Mwanzoni mwa Septemba 1937 mizigo 633 ilisafirishwa nchi nzima. Watu 105 walikufa, na 34 kati yao walikuwa watoto. Mama mmoja wa mji wa Tulsa alimwandikia Rais Roosevelt barua akimweleza namna binti yake alivyokufa kwa uchungu, akimwomba asiruhusu dawa za namna hiyo ziendelee kuuzwa.

Sasa rudi kwenye lile neno. Serikali ilitaka kuikamata dawa hiyo. Kwa sheria gani? Kuuza sumu bila kuipima halikuwa kosa. Wakatafuta, wakapata upenyo mmoja: chupa iliandikwa Elixir, na elixir kwa maana ya kifamasia lazima iwe na alkoholi, na hii haikuwa na alkoholi! Basi kosa likawa jina la uongo. Wakaguzi wakasambaa nchi nzima, nyumba kwa nyumba, kitabu cha duka kwa kitabu cha duka, wakakusanya karibu galoni zote 240 zilizotengenezwa. Kama chupa ingeandikwa "mchanganyiko" badala ya elixir, mikono yao ingefungwa.

Ndugu yangu, tafakari hapa. Dawa iliyoua watu 105 haikuwa na tone la pombe. Muislamu wa mwaka 1937 angeuliza, "Ina pombe?" angejibiwa kwa ukweli kabisa, "Haina." Naye angempa mwanawe.

Tarehe 25 Juni 1938 Roosevelt alitia saini sheria mpya: kabla dawa haijauzwa, mwenye nayo aonyeshe kwanza kuwa ni salama. Mamlaka za dawa za nchi nyingi duniani, na yetu ikiwemo, zinasimama juu ya msingi huo.

*4. SIMULIZI LA PIPA*

Mtu atasema: basi, sumu imejulikana tangu 1937, yamekwisha. Hayakwisha. Yaliyobadilika ni mlango. Mwaka 1937 mkemia aliichagua sumu mwenyewe kwa kutojua. Baada ya hapo sumu ilianza kuingia imevaa kanzu ya mtu mwingine.

Gliserini na propilini glaikoli za daraja la dawa ni ghali. Daiethilini glaikoli, na ndugu yake ethilini glaikoli inayotumika kwenye maji ya rejeta ya gari, ni rahisi. Zote ni angavu, zote ni nzito kidogo, zote ni tamu. Ukiziweka kwenye glasi mbili, jicho halitofautishi na ulimi hautofautishi. Mfanyabiashara mwenye tamaa anabadilisha karatasi ya pipa tu.

Tazama safari yenyewe:

• Cape Town, 1969: watoto 7.
• Nigeria, 1990: watoto 47, kwa dawa ya parasetamoli.
• Haiti, 1995 na 1996: watoto zaidi ya 80. Gliserini ilitoka China, ikapita kwa wafanyabiashara wa Ulaya.
• Panama, 2006: watu zaidi ya 100. Pipa lilitoka China, likapita Hispania, likafika Panama, na kila lilipopita karatasi ilinakiliwa upya kuwa ni gliserini. Hakuna aliyefungua akapima.
• Nigeria tena, 2008: watoto 84, kwa dawa ya watoto wanaoota meno.
• Gambia, 2022: watoto takriban 70, wengi chini ya miaka 5.
• Indonesia, mwaka huo huo: watoto zaidi ya 200, katika nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Ilibainika kuwa kulikuwa na mapipa yaliyobandikwa lebo ya bandia ya kampuni kubwa.
• Uzbekistan, mwishoni mwa 2022: watoto zaidi ya 60.
• India, jimbo la Madhya Pradesh, 2025: watoto zaidi ya 20.

Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema vifo vilivyojulikana katika muda wa miezi minne tu vimezidi 300. Na Aprili 2024 shirika hilo likatoa tahadhari kuhusu mapipa ya propilini glaikoli ya bandia yaliyogunduliwa Pakistan, yenye lebo ya kampuni inayojulikana. Ethilini glaikoli iliyokutwa ndani yake ilikuwa kati ya asilimia 0.76 na asilimia 100. Kiwango cha juu kinachokubalika ni asilimia 0.10. Yaani lilikuwapo pipa lililokuwa sumu tupu kuanzia juu hadi chini, na nje limeandikwa jina zuri.

*5. APRILI 2024, SUMU YAPIGA HODI KWETU*

Tarehe 10 Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kuwa vipimo vyake vimekuta daiethilini glaikoli nyingi kupita kiasi katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, toleo namba 329304, lililotengenezwa Afrika Kusini Mei 2021 na kuisha muda wake Aprili 2024. Toleo hilo lilikuwa limeuzwa nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Rwanda na Tanzania. Ndani ya siku chache Kenya ikaliondoa sokoni, na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yetu, nayo ikaliondoa. Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini zikafanya hivyo pia.

Uadilifu unatutaka tuseme pande zote mbili. Kampuni inayomiliki jina hilo, Kenvue, ilisema vipimo vyake yenyewe havikukuta sumu hiyo katika toleo hilo. Mimi simhukumu mtu kwenye ukurasa huu. Ninachokutaka ukione ni tarehe. Dawa imetengenezwa Mei 2021, tangazo limekuja Aprili 2024, mwezi ule ule ambao muda wake unaisha. Muda wote huo chupa zilikuwa madukani na kwenye makabati. Ukaguzi wa baada ya kuuza ni mzuri, lakini ukaguzi wa pipa kabla dawa haijachanganywa ndio unaozuia kilio.

*6. MUHTASIB WA JANA NA MUHTASIB WA LEO*

Sisi Waislamu tusidhani ukaguzi wa dawa ni jambo la kigeni. Tunaijua hadithi ya Mtume, rehma na amani ziwe juu yake, alipopita sokoni kwenye lundo la nafaka. Juu ni kavu, linapendeza. Yeye hakuishia kutazama. Aliingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akaeleza kuwa mdanganyifu hayumo katika njia yake. Hapo pana somo kubwa la ukaguzi: lundo halihukumiwi kwa juu, na pipa halihukumiwi kwa lebo. Mkono uingie ndani.

Kutokana na mafundisho hayo ikasimama kazi ya hisba. Katika karne ya 12 miladia, al-Shayzari aliandika mwongozo wa muhtasib, yaani mkaguzi wa soko, na ndani yake kuna milango juu ya wafamasia na watengenezaji wa sharab, pamoja na maelezo ya hila zao za kughushi dawa na namna ya kuzitambua. Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 1329, akaandika mwongozo mwingine wa namna hiyo. Hawa walijua kuwa mgonjwa hawezi kujilinda mwenyewe. Mnunuzi wa kitambaa anakishika, mnunuzi wa ng'ombe anamtazama meno. Mnunuzi wa dawa anaamini tu.

Hapa kwetu kazi hiyo ina anwani. Sheria ya mwaka 2003 ilianzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mwaka huo huo, kule Ruvuma, ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambao baadaye uliyaondoa yale maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiendeshwa bila mafunzo ya kutosha. Mwaka 2011 maabara ya mamlaka ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Desemba 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuthibitishwa na shirika hilo kuwa na mfumo wa udhibiti wa dawa uliofikia ngazi ya tatu kati ya nne. Mwaka 2019 mambo ya chakula na vipodozi yakahamishiwa TBS, na mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba, ndiyo TMDA. Ofisi zake za Dar es Salaam unazipita Mabibo, ukiwa kwenye daladala. Na pale Keko, wilaya ya Temeke, kuna kiwanda cha dawa cha tangu miaka ya 1960. Haya si mambo ya mbali. Kijana wako anayesoma kemia sekondari ya kata anaweza kuwa ndiye atakayeingiza mkono kwenye pipa kesho.

Lakini mkaguzi mmoja hawezi kusimama kila kichochoro. Anayeuza dawa ya maji kwenye beseni pale stendi, mkaguzi anaondoka saa kumi, yeye anapanga saa kumi na moja. Anayempa soko ni mimi na wewe.

*7. SASA, JIBU LA POMBE*

Nimeahidi jibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tatu kilichofanyika Amman mwaka 1986, liliulizwa kuhusu dawa zenye kiasi cha alkoholi. Likajibu kuwa mgonjwa Muislamu anaruhusiwa kuitumia ikiwa haipatikani dawa isiyo na alkoholi, na iwe imeelekezwa na tabibu mwaminifu, hodari katika kazi yake. Wanazuoni wana maelezo zaidi, na wapo waliokuwa wakali zaidi. Kamuulize shekhe wako.

Kwa mtoto, tiba nayo inakubaliana na tahadhari yetu. Marekani, kwa mfano, dawa za kunywa zinazouzwa bila cheti kwa watoto wa chini ya miaka 6 hazitakiwi kuzidi asilimia 0.5 ya alkoholi. Kwa hiyo muulize mfamasia: "Ipo isiyo na alkoholi?" Mara nyingi ipo.

Ila usiishie hapo. Muulize pia: "Imesajiliwa? Imetoka wapi?" Kuepuka pombe ni kulinda dini na akili ya mtoto. Kuepuka dawa isiyojulikana asili yake ni kulinda nafsi yake. Vyote viwili ni amana, na mwenye kulinda kimoja akaacha kingine hajamaliza kazi.

*8. LA KUFANYA NYUMBANI KWAKO*

Moja. Nunua dawa kwenye duka lenye kibali, na udai risiti. Tazama jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Chupa isiyo na hivyo irudishe.

Mbili. Usiitupe chupa wala boksi mpaka mtoto apone. Toleo likitangazwa kuondolewa sokoni, utajuaje kama ni lako ikiwa boksi limekwenda na taka?

Tatu. Tumia kipimo kilichokuja na dawa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Cha chai cha kwako si cha chai cha jirani. Ikipotea ile kofia ya kupimia, omba bomba la sindano lisilo na sindano.

Nne. Usihamishe dawa kwenye chupa nyingine, wala usiongeze maji isipokuwa dawa ya unga kama ilivyoelekezwa. Usiiweke juu ya kabati chini ya bati la moto. Itafutie mahali pa kivuli, mbali na mkono wa mtoto.

Tano. Si kila kikohozi kinataka chupa. Uingereza tangu 2009 inashauri dawa za kununua za kikohozi na mafua zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 6. Kwa kikohozi chepesi, asali na maji ya uvuguvugu hutosha mara nyingi. Lakini sikiliza: asali asipewe mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, maana inaweza kubeba vijidudu asivyovimudu tumboni. Heshima tuliyonayo kwa asali haituondolei wajibu wa kujua umri wa mtoto.

Sita, na hii ndiyo kubwa. Mtoto aliyekunywa dawa ya maji, kisha akaanza kutapika mfululizo, kulegea, au mkojo ukapungua na nepi ikakaa kavu, usimpe kijiko kingine. Mkimbize hospitali, na ubebe chupa pamoja na boksi lake. Usisubiri asubuhi. Figo hazisubiri. Daktari akijua mapema alichokunywa, ipo tiba ya kuizuia baadhi ya sumu hiyo isigeuke mwilini. Akichelewa kujua, kazi inakuwa nzito.

Na wewe ndugu yangu mwenye duka la dawa, unayesoma haya: Mtume ametufundisha kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa elimu hiyo, madhara yakitokea dhima ni yake. Mzigo wa bei ya kutupa usio na karatasi, hata kama mwenzako wa jirani ameuchukua, uache. Riziki ni ya Allah, na chupa moja inaweza kukusimamisha mbele Yake na mzazi aliyekuamini.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, walinde watoto wetu na sumu tunayoijua na tusiyoijua, warehemu watoto wa Gambia, wa Indonesia na wa kila mahali waliotangulia, na uwape subira wazazi wao. Watie nguvu wakaguzi wetu wawe waaminifu pale wasipoonekana na mtu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mwenye swali aulize hapa chini, na mfamasia au daktari aliyemo humu aongezee. Itume kwenye kundi la kina mama wa mtaani kwako.